Uzi: Kununua gari bila kulizwa (ni mrefu, ila soma wote kabla hujatoa hela)

Mleta uzi

Wakuu salaam,

Maswali ya "nimeona gari hili, nichukue?" yamekuwa mengi, na majibu yetu mara nyingi ni ya kutazama picha na kusifia rangi. Nimeamua kuyaweka ninayoyajua pamoja. Wenye spana mkononi mtanikosoa na kuongezea.

Nianze na jambo ambalo nyuzi nyingi huliruka. Mnunuzi wa gari ana silaha moja tu: kuweza kusema "asante, sichukui" na kuondoka kweli. Bajeti, ukaguzi, fundi, karatasi, vyote hivyo kazi yake ni kuilinda silaha hiyo. Muuzaji mzoefu analijua hilo kuliko wewe, ndiyo maana anapambana kukunyang'anya mapema. "Kuna jamaa anakuja jioni na hela taslimu." "Weka kishika uchumba nikushikilie." "Ni leo tu kwa bei hii." Ukiona unaharakishwa, jiulize ni kitu gani kingeonekana kama ungepata siku mbili zaidi.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alilieleza soko la magari yaliyotumika kwa hoja nyepesi sana. Muuzaji anajua gari lake lina nini, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya katikati, ya kujikinga asije akauziwa bovu. Mwenye gari zima anaona bei hiyo inamuumiza, analirudisha nyumbani. Mwenye bovu anachekelea. Matokeo yake sokoni yanazidi kubaki mabovu. Mwaka 2001 alipewa Nobeli ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa kazi za namna hiyo. Kwa lugha yetu sisi: kila unachokijua kabla ya kulipa kinakupunguzia bei au kinakuondoa kwenye hatari. Ukikijua baada ya kulipa, kazi yake ni kukunyima usingizi tu.

Hela kwanza, gari baadaye

Bei ya gari siyo bajeti ya gari. Ukiwa na 100 mfukoni, usitafute gari la 100, tafuta la 80 au 85. Kinachobaki kina wenyewe: kuhamisha umiliki, bima, oili ya injini na ya giaboksi, filta, plagi, betri, na pengine matairi manne. Maneno ya "nimelifanyia sevisi juzi" yasikie kwa heshima, halafu libadilishie oili zote kana kwamba hayakusemwa, isipokuwa akikuonyesha risiti.

Asiyebakiza kitu ana tatizo lingine baya zaidi. Kwa sababu hela imebana, anakwepa kumlipa fundi wa kukagua. Anaokoa kiasi cha matanki mawili ya mafuta, anapoteza injini.

Bima nayo ulizia kabla, siyo baada. Magari mawili ya bei moja yanaweza kuwa na bima zisizofanana hata kidogo, kutegemea ukubwa wa injini, umri wa gari na jinsi linavyoibiwa.

Usipende gari moja

Ukishaamua "ni hili tu au basi", umeshashindwa. Chagua aina tatu zinazokufaa, upekue matangazo kwa wiki kadhaa bila kumpigia mtu simu. Utajifunza bei ya kweli ya kila aina, na utaanza kutambua gari ambalo limekaa kwenye matangazo mpaka mwenyewe amechoka. Huyo ndiye wa kuongea naye.

Kabla ya kumpigia muuzaji, pigia duka la spea. Uliza vitu vinne: taa ya mbele, rejeta, shokapu za mbele na giaboksi iliyotumika. Majibu hayo yatakuambia zaidi kuliko video yoyote ya mapitio. Hapa ndipo watu wanapochomwa na magari ya kifahari ya zamani. Gari limeshuka bei kwa sababu limezeeka, lakini taa yake haijui kama gari limezeeka, bado inauzwa kwa bei ya gari lilipokuwa jipya. Gari unaloliona kila kona lina faida yake: kila fundi ameshalifungua.

Naendelea na ukaguzi chini.

---

abiria_wa_mbele

Mkuu, nimekusoma. Ila kwa nini tuhangaike na yaliyotumika? Bora mtu avumilie anunue jipya, alale usingizi.

---

Mleta uzi

Siyo wazo baya, mradi ujue unalipia nini. Makadirio ya kawaida ni kwamba gari jipya hupoteza karibu moja ya tano ya thamani yake ndani ya mwaka wa kwanza, na likifika miaka mitano huwa limepoteza karibu nusu, kutegemea aina. Hasara hiyo unaipata siku ya kuuza. Kama utakaa nalo miaka 10 au 12, inagawanyika kwenye miaka mingi na haiumi. Anayeumia ni anayenunua jipya, anachoka baada ya miaka miwili, anauza, ananunua jingine jipya. Huyo anawalipia wenzake.

Mimi napenda gari la miaka mitatu hadi mitano lenye mmiliki mmoja na kitabu cha sevisi. Mwingine ameshameza sehemu kubwa ya hasara, na gari bado lina maisha.

---

Mleta uzi

Ukaguzi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo. Injini mbovu nyingi zina aibu ya asubuhi tu: zinasumbua kuwaka, zinagonga sekunde za mwanzo, zinatoa moshi kisha zinatulia. Anayekupashia gari moto anakunyima hizo sekunde. Mwambie utarudi kesho, na urudi kweli.

Halafu usiwashe injini. Geuza ufunguo hadi dashibodi iwake, uishie hapo. Taa zote za tahadhari zinatakiwa kuwaka: cheki injini, erbegi, ABS, oili, betri. Zihesabu kwa kidole. Sasa washa injini, zote zinatakiwa kuzimika ndani ya muda mfupi. Wengi wanaangalia kama kuna taa iliyobaki inawaka. Wachache wanaangalia taa ambayo haikuwaka kabisa. Taa ya erbegi isiyowaka mwanzoni ina maana mtu ameitoa, ameiziba, au ameiunganisha na taa nyingine ili zizimike pamoja. Erbegi zenyewe huenda zililipuka kwenye ajali na hazikurudishwa. Hapo mimi sijadili bei, naondoka.

Kilomita za kwenye dashibodi zinachezewa, tena kwa kifaa kidogo cha kuchomeka. Kwa hiyo soma kilomita sehemu nyingine: raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa juu, ukingo wa kiti cha dereva anapoteleza kuingia na kutoka. Watu wengi huendesha kati ya kilomita 10,000 na 20,000 kwa mwaka. Gari la miaka kumi linaloonyesha 45,000 huku pedali imelika hadi chuma kinachungulia, hiyo namba ni mapambo. Na kama pedali zote ni mpya kabisa kwenye gari la zamani, uliza kwa nini.

Matairi yana tarehe. Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama kashata zake bado nzima. Tairi lililolika upande mmoja tu linakusimulia habari za bushi, shokapu au chesisi iliyopinda.

Kujua kama limegongwa, usianzie kwenye rangi, anzia kwenye bolti. Fungua boneti, tazama bolti zinazoshika fenda na bawaba za boneti. Bolti ambayo haijawahi kuguswa ina rangi ileile ya bodi, imetulia, pembe hazina mikwaruzo. Iliyofunguliwa inaonyesha chuma pale spana ilipokamata. Kisha pitisha macho kwenye mianya ya milango, kushoto na kulia iwe sawa. Vuta raba za milango, angalia kama kuna vumbi la rangi. Vioo vyote vina alama ya mtengenezaji na mwaka kwenye kona. Kimoja kikiwa cha kampuni nyingine au mwaka wa baadaye, kilivunjika. Jiwe linaweza kuvunja kioo cha mbele, hilo halina neno. Kioo cha mlango wa nyuma pamoja na bolti za mlango huohuo, hiyo ni habari nyingine.

Magari yaliyozama majini yanasafishwa vizuri sana siku hizi. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa. Mtu anaosha kapeti, anapulizia manukato, lakini nusu ya mwisho ya mkanda huwa haikumbuki. Tope, doa la maji au harufu ya uvundo viko huko. Angalia pia reli za viti kwa chini: kutu hapo haina sababu ya kuwepo kama paa halivuji.

---

spana_kumi_na_mbili

Mleta uzi umetisha. Mimi ni fundi, niongeze machache.

Moshi. Wa bluu ni oili inaungua, ringi au sili za valvu. Mweusi kwenye petroli ni mafuta mengi kuliko hewa. Mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto ni maji yanaingia kwenye silinda, mara nyingi gasketi ya silinda hedi. Mvuke kidogo asubuhi ya baridi ni kawaida, msikimbie gari zima.

Kifuniko cha oili kikiwa na ute kama maziwa watu hupiga kelele "hedi gasketi!" Siyo lazima. Gari linalotembea safari fupi kwenye baridi hupata hali hiyo. Thibitisha kwenye rejeta injini ikiwa IMEPOA (msifungue ya moto, itawaunguza): ukiona mafuta yanaelea kwenye maji, na kiwango cha maji kinapungua bila kuvuja nje, hapo kweli ni hedi gasketi.

Giaboksi otomatiki: ukiwa umekanyaga breki, toa P peleka R, kisha D. Iingie ndani ya sekunde moja hivi, bila kishindo. Ikisita halafu ikadunda, hiyo ni hela. Kwa zile za CVT (otomatiki zisizo na gia za hatua), panda kilima polepole, sikiliza mtetemo.

Lingine la muhimu: mashine ya kupimia. Marekani walilazimisha mfumo wa OBD2 (kompyuta ya gari inayotunza makosa ili mashine iyasome) kwa magari ya mwaka 1996 kuendelea, Ulaya wakafuata kwa petroli mwaka 2001, kwa hiyo magari mengi mnayonunua yana tundu lake chini ya usukani. Wauzaji wajanja wanafuta makosa saa moja kabla hujafika. Lakini kompyuta ikifutwa, na vipimo vyake vya ndani vinaanza upya, inabidi gari liendeshwe muda ndipo vikamilike. Fundi anayejua kazi atakwambia "hapa hakuna kosa, ila vipimo havijakamilika." Tafsiri: mtu amepiga deki.

Na tafadhali, fundi awe wako. Fundi anayeletwa na dalali analipwa na dalali.

---

Mleta uzi

Shukrani mkuu, hiyo ya vipimo kutokamilika wengi hawaijui.

Nimalizie kuendesha. Zima redio, shusha vioo, washa kiyoyozi. Endesha barabara mbovu taratibu, kisha nzuri kwa mwendo. Mahali pa wazi, kata kona hadi mwisho wa usukani huku ukienda polepole, kushoto kisha kulia. Mlio wa ka-ka-ka kwenye magurudumu ya mbele ni joenti za ekseli. Shika breki kwa nguvu mara moja ukiwa na uhakika hakuna aliye nyuma yako, gari lisivute upande. Muuzaji akiongea mfululizo wakati unaendesha, mwombe kwa upole anyamaze. Wengine huongea makusudi.

---

kijana_wa_mkopo

Wakuu, mimi sina taslimu. Nimepewa ofa ya mkopo wa gari, asilimia 10 kwa mwaka, miaka mitano. Naona iko poa?

---

Mleta uzi

Uliza swali moja: hiyo 10 inakokotolewa kwenye mkopo wa mwanzo muda wote, au kwenye deni linalobaki? Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika.

Tuseme umekopa 100. Ikikokotolewa kwenye mkopo wa mwanzo, riba ni 10 kila mwaka kwa miaka mitano, yaani 50. Unarudisha 150. Ikikokotolewa kwenye deni linalopungua, kwa marejesho ya kila mwezi, riba yote inakuja karibu 27 na nusu. Tangazo linasema 10 kote kuwili! Ile ya kwanza kihalisia ni sawa na riba ya zaidi ya asilimia 17 ya deni linalopungua, maana mwaka wa tano bado unalipia riba ya hela uliyokwisha kurudisha.

Pili, muuzaji akikuuliza "kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?", usijibu. Ukishataja namba hiyo, atacheza na urefu wa mkopo mpaka gari la bei yoyote liingie humo. Patana bei ya gari kwanza, ikamilike, ndipo mjadili namna ya kulipa. Kama una gari la zamani unataka kumpa kama sehemu ya malipo, nalo lifiche mpaka bei ya jipya imekaa. Wakichanganya hesabu tatu kwenye karatasi moja, watakupunguzia hapa na kukuongezea pale.

Tatu, uliza ada ya kulipa deni mapema. Na bima inayolazimishwa na mkopeshaji iweke kwenye hesabu yako ya mwezi.

---

betri_full

Vipi kuhusu haibridi na ya umeme? Yanashuka bei sana yakizeeka.

---

Mleta uzi

Yanashuka kwa sababu mnunuzi anaogopa betri, na hofu ina msingi. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya gari la umeme ya miaka 8 au kilomita 160,000, kwa hiyo umri ni swali la kwanza, na la pili ni kama dhamana inahamia kwa mmiliki mpya na inatambulika mahali ulipo. La tatu ni afya ya betri kwa asilimia, isomwe na mashine. Kwenye Nissan Leaf kuna vijistari 12 pembeni ya kipimo cha chaji. Vikipungua, uwezo umepungua, hata kama gari linaonyesha limejaa. Leaf za mwanzo hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, kwa hiyo zilizokaa kwenye joto zimechoka zaidi.

Haibridi kama Prius, tazama tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma. Ndipo feni inapovuta hewa ya kupoza betri. Limejaa vumbi na nywele za mbwa? Betri imekuwa ikipika.

---

abiria_wa_mbele

Na karatasi? Jirani yangu aliuziwa gari lenye deni la benki.

---

Mleta uzi

Hapa usiwe mpole. Jina kwenye kadi na jina kwenye kitambulisho cha anayekuuzia yawe moja. "Ni la shemeji yangu, yuko safarini" maana yake unasubiri shemeji arudi. Namba ya chesisi isome kwenye bodi kwa macho yako, siyo kwenye kadi tu. Magari mengi tangu 1981 yana namba ya herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki, zisichanganywe na 1 na 0. Ukiziona humo, karatasi imepikwa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi yenye kistari katikati, msishtuke. Bati lenye namba likiwa na alama za kusagwa au ribiti zisizofanana, rudisha funguo.

Kwenye mamlaka ya usajili hakiki kama gari lina deni, zuio au faini. Fanya mwenyewe, usitumiwe picha ya majibu. Malipo yapite benki, na umiliki uhamishwe siku hiyohiyo. Gari likikaa kwa jina la mwingine, deni lake na kesi zake zinaweza kulifuata kwako.

Bei unapatana mwishoni, ukiwa na orodha ya fundi mkononi. Usiseme "punguza kidogo, boss". Sema: matairi mawili yamekwisha, bushi za mbele zimekufa, mkanda wa taiming haujulikani ulibadilishwa lini, gharama yake ni kiasi hiki, kwa hiyo ofa yangu ni hii. Halafu nyamaza. Ukimya unamsumbua muuzaji kuliko maneno, naye mara nyingi ndiye atakayeanza kuongea. Akikataa, acha namba ya simu uende.

---

spana_kumi_na_mbili

La nyongeza kabla uzi haujazama: ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliitwa kurudishwa kiwandani. Erbegi za Takata, kampuni ya Kijapani, bado ziko barabarani. Kemikali yake, amonia naitreti, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku erbegi inapofunguka chuma chake kinapasuka na kumrushia dereva vipande. Magari ya mamilioni ya kampuni nyingi yaliitwa, na Takata yenyewe iliomba kufilisika mwaka 2017. Kubadilishiwa ni bure kwa mawakala wa kampuni iliyotengeneza gari. Ukikuta halijabadilishwa, mwenye gari alipeleke kabla hujalipa, wewe usilichukue kwa ahadi.